Mafundi Wanajibu: Gonga Boksi Kabla Hujanunua Mlango

Barua za mwezi huu zimeelemea jikoni, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: makabati ya zamani yafufuliwe au yaondolewe? Tumechagua sita. Majina tumeyaficha kama kawaida.

Mafundi watatu, majibu matatu

*Habari za kazi, mafundi. Nina makabati ya jikoni yaliyowekwa 1998, matano chini na matatu juu, ya chipbodi iliyobandikwa fomeka nyeupe. Fomeka imeachia kwenye kingo, milango miwili inaning'inia, na chini ya sinki pananuka uvundo. Fundi wa kwanza kasema yote yang'olewe anitengenezee mapya. Wa pili kasema abadilishe milango tu. Wa tatu anataka kupuliza rangi juu ya hiyo hiyo fomeka. Nimsikilize nani? — Mama Wawili, Tabata*

Mama Wawili, hao mafundi wamekuchanganya kwa sababu kila mmoja ametazama sehemu anayoipenda. Kabati ni vitu viwili, boksi na mlango. Boksi ndilo linalobeba sufuria, sahani na kaunta. Mlango ni nguo tu. Boksi likiwa zima, mlango unabadilishwa hata mara tatu. Likiwa limeoza, mlango mpya utaning'inia kama wa zamani, maana skrubu za bawaba hazina pa kushika. Kwa hiyo pima boksi kwanza. Unahitaji tochi, bisibisi na tepu ya kupimia.

Anzia hapo chini ya sinki panaponuka. Toa kila kitu, kisha sukuma ncha ya bisibisi kwenye ubao wa chini na kwenye sentimeta 10 za chini za mbao za pembeni. Chipbodi nzima hugoma, ncha inaacha alama tu. Iliyolowa huwa imevimba, ile ya milimita 16 unaikuta 20 na ushee, na bisibisi inazama kama kwenye mkate. Chipbodi ikishavimba hairudi hata ukiianika wiki nzima, kwa sababu punje za mbao zimeshaachana na gundi. Usipoteze puti hapo.

Kisha fungua skrubu moja ya bawaba katika kila boksi. Ikitoka na unga wa mbao kwenye meno yake, na ukiirudisha inazunguka bila kukaza, tundu limekufa. Lakini tundu kufa si boksi kufa. Litoboe upya kwa milimita 10, kina kisizidi 13 usije ukatokeza upande wa pili. Tia gundi ya mbao, gonga kijiti cha duara cha mti mgumu chenye unene huo huo, acha saa 24, kisha kikate kilingane na ubao. Toboa tundu jembamba la milimita 2.5 katikati ya kijiti na ufunge skrubu ya 3.5 kwa 16. Zile njiti za kiberiti ambazo mafundi wengi huchomeka zinafaa kwenye mbao nzima. Kwenye chipbodi zinalitanua tundu na kulifumua zaidi.

Cha mwisho, pima pembe. Vuta tepu kutoka kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia, halafu kona zile nyingine mbili. Vipimo vikitofautiana zaidi ya milimita 4, boksi limelala, na hakuna mlango utakaokaa sawa juu yake. Mara nyingi kosa ni ubao mwembamba wa nyuma ulioachia misumari. Boksi linasukumwa mpaka vipimo vilingane, ubao unapigiliwa upya, limepona. Kwa yale matatu ya juu ongeza jambo moja: tazama kama kuna mwanya kati ya kabati na ukuta kwa juu. Mwanya ukiwepo, fisha, vile viplastiki vinavyoshika skrubu, zinatoka ukutani, na hilo ni la kushughulikia leo, kabla hujafikiria rangi.

Tukisoma barua yako, tunatarajia utakuta boksi la sinki limekwisha na mengine saba yanafaa. Si lazima makabati yote yapate hukumu moja. Ling'oe hilo moja, litengenezwe upya kwa marini bodi (plaiwudi inayostahimili maji) ya milimita 18, na sehemu ya nyuma iachwe wazi ili bomba lionekane na hewa ipite. Ila kabla ya boksi jipya, tafuta maji yanatoka wapi. Funga karatasi kavu ya chooni kuzunguka kila ungio la bomba chini ya sinki. Mwaga maji juu ya kaunta kuzunguka sinki bila kufungua bomba: karatasi zikibaki kavu lakini ubao ukilowa, tatizo ni silikoni ya ukingoni. Halafu jaza sinki lote na uliachie kwa mkupuo. Karatasi itakayolowa kwanza inakuonyesha nati ya kukaza au mpira wa kubadilisha.

Sasa milango. Kupuliza rangi juu ya fomeka kunawezekana iwapo fomeka imeshika imara. Yako imeachia, na rangi haigandishi kilichobanduka. Baada ya muda itapasuka kwenye kila ukingo. Kwa hiyo fundi wa pili ana haki kwenye milango. Chukua MDF (bodi ya nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) ya milimita 18 iliyobandikwa melamini kiwandani pande zote mbili. Boksi la upana wa milimita 450 hupewa mlango wa 447, ibaki nafasi ya milimita 3 kati ya mlango na mlango. Mlango wenye urefu wa 715 unafaa makabati mengi ya chini, lakini pima yako mwenyewe.

Hapa kuna hesabu ambayo itakuokolea bodi nzima. Bodi ni 2440 kwa 1220. Ukichagua rangi isiyo na mistari, milango minane ya 447 kwa 715 inatoka kwenye bodi moja: mitano imesimama upande mmoja, mitatu imelala kwenye ukanda unaobaki. Ukichagua bodi yenye mistari ya mbao, mistari yote lazima isimame, na hapo inatoka sita tu. Utanunua bodi ya pili kwa ajili ya milango miwili. Utepe wa kingo, ule mafundi wanaouita ejingi, kila mlango unakula mita 2.3, yaani takriban mita 19 kwa yote. Nunua 21. Dai kingo zote nne zizibwe, pamoja na ule wa chini ambao hakuna anayeuona, maana ndiko maji ya kupigia deki yanakoingilia.

Na bei usiipokee kwa jumla. Ipate kwa mafungu matatu: boksi, milango, vyuma.

Milango ya mninga kuwa myeupe

*Shikamooni. Makabati yangu ni ya mninga, yana miaka thelathini na zaidi. Vanishi imekuwa nyeusi na jikoni pana giza. Binti yangu anataka tupake nyeupe. Fundi alipaka mlango mmoja wa majaribio kwa rangi ya mafuta, ukatoka madoa ya njano na wekundu, na hata baada ya siku nne ulikuwa unanata. Rangi ilikuwa feki? — Mwalimu Mstaafu, Morogoro*

Marahaba, Mwalimu. Rangi haina kosa. Mninga una utomvu na rangi yake ya asili, na vyote viwili hupanda juu kupitia rangi nyeupe. Mvule nao una kemikali inayozuia rangi ya mafuta isikauke, na mtiki una mafuta yake. Mbao hizi huwezi kuzipaka kama msonobari. Kunata kwa siku nne nako huenda kukasababishwa na mafuta ya kupikia ambayo hayakuoshwa, au mkono mzito wa fundi.

Kabla hatujaendelea tuseme tunachoamini: mninga mzima wa umri huo, leo hutaununua kwa urahisi. Giza la jikoni lako linatoka kwenye vanishi iliyozeeka, chini yake mti bado ni wa dhahabu. Kwangua sehemu ndogo nyuma ya mlango mmoja, uilowanishe kwa kitambaa chenye spiriti. Rangi utakayoiona hapo ndiyo utakayoipata ukivua vanishi yote na kupaka vanishi mpya isiyo na rangi. Mwonyeshe binti kabla hajaamua. Pengine mtakubaliana makabati ya juu yawe meupe na ya chini yabaki mninga, na pale chini ndipo teke na ndoo zinapogonga.

Hakikisha pia kwamba ni mninga kweli. Tazama ukingo wa mlango: mistari ya mti ikipinda kutoka usoni na kuendelea ukingoni, ni mbao nzima. Ikikatika, umebandikwa veniya, ile ngozi nyembamba ya mbao, na hapo msasa wa mashine usiuguse; utatoboa hadi kwenye plaiwudi kwa dakika moja. Tumia mkono na msasa namba 180.

Ikiwa uamuzi ni nyeupe, kazi huenda hivi. Ondoa milango na droo zote, na kila mmoja uandike namba ndani ya tundu la bawaba, mahali ambapo rangi haitafika. Osha kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, suuza mara mbili, acha ukauke siku nzima, kisha pitisha spiriti. Usiruke hatua hii. Panapobaki mafuta, au ile polishi ya dawa ya kupuliza, rangi hukimbia na kuacha vishimo vya duara, mafundi wanaviita macho ya samaki, na havifichiki kwa koti la pili.

Piga msasa namba 120 palipo na vanishi inayobanduka, kisha 180 pote. Vaa barakoa, vumbi la mninga huwasha pua na ngozi. Ikiwa chini kuna rangi ya mafuta ya zamani badala ya vanishi, lowanisha na utumie msasa wa maji, kwa sababu rangi za miaka hiyo huweza kuwa na risasi na vumbi lake ni sumu kwa watoto.

Halafu ndilo koti linaloamua kila kitu: praima ya shelaki, ile inayozuia madoa yasipande. Makoti mawili mepesi, saa moja kati yake, halafu usiguse hadi kesho yake. Kesho tazama. Doa la njano likijitokeza, ongeza koti la tatu hapo hapo. Likipita kwenye praima litapita na kwenye rangi. Puti inakuja baada ya praima, siyo kabla, kwa sababu juu ya uso mweupe wenye usawa ndipo unaona kila kovu, na puti inashika vizuri zaidi. Msasa 240, futa vumbi.

Rangi ya juu, kwa mkono, tunapendekeza ya maji ya aina ngumu iliyoandikwa kwa ajili ya mbao na vyuma. Ya mafuta nyeupe hugeuka njano, hasa ndani ya kabati pasipofika mwanga. Kwa milango minane, droo tatu na mbele ya maboksi, pande zote, una kama mita za mraba 7.5. Makoti mawili ni 15, na lita moja hufunika takriban 10 hadi 12. Lita moja haitoshi, nunua mbili kwa pamoja zenye namba ile ile ya toleo. Tumia rola ndogo ya sponji, koti jembamba, saa nne kati ya koti na koti. Milango usiirudishe kwenye maboksi kabla ya siku tatu, na usiisugue kwa dodoki kwa wiki tatu za mwanzo. Kukauka kwa kushikwa na kukomaa ni vitu tofauti.

Fundi wako akisisitiza kupuliza kwa kompresa, muulize anapuliza nini. NC (rangi ya nitroselulosi) inakauka haraka na inang'aa, ila mvuke na joto la jiko huichosha. Tena wakati wa masika inapiga ukungu: thina inapopaa kwa haraka hupoza uso wa mlango, unyevu wa hewani unaganda juu yake, na rangi inakuwa kama imepakwa maziwa. Asubuhi yenye mvua asipulize. PU (poliyurethani) yenye kikaushio ni ngumu zaidi kwa mbali, lakini kikaushio chake ni hatari kwa mapafu na barakoa ya kitambaa haisaidii kitu. Ipigwe karakana, siyo sebuleni kwako.

Makabati ya zege

*Nyumba yetu ina makabati ya kujengea, kuta za tofali na juu zege lenye vigae. Fremu za mbao zimeoza chini, mlango mmoja ulibaki mkononi mwangu. Nataka droo pia, fundi anasema kwenye zege haiwezekani. Mtu kanishauri nipake fremu mpya oili chafu kuzuia mchwa. — Baba Mjenzi, Moshi*

Baba Mjenzi, hongera, una boksi ambalo halitaoza maisha. Usikubali livunjwe.

Fremu huoza chini kwa sababu mti wa chini umelala juu ya sakafu inayomwagiwa maji, na miti ya pembeni imegusana na tofali linalonyonya unyevu. Fremu mpya iwe na juu na pembeni tu. Chini acha kizingiti cha kigae, mlango ufungie hapo, nao uning'inie milimita 10 juu ya sakafu. Kata vichwa vya miti ya pembeni juu kidogo ya sakafu na uvipake praima mara tatu, kwa kuwa mti hunywa maji kwa kichwa kuliko kwa ubavu. Kati ya fremu na ukuta weka kipande cha nailoni nzito. Funga kwa fisha za milimita 8 na skrubu za 75, tatu kila upande. Misumari ya zege hupasua tofali la ukingoni, na siku ya kubadilisha inatoka na nusu ya ukuta.

Kuhusu mdudu, kwanza mjue. Njia za udongo zinazopanda ukutani ni mchwa, nao wanatoka kwenye ufa wa sakafu. Kupaka mbao peke yake ni kuwafungia mlango wakapitie dirishani. Ufa utiwe dawa ya mchwa na mtu anayejua vipimo, vyakula vikiwa vimetolewa, kisha uzibwe. Vitundu vidogo vya duara vyenye unga laini chini yake ni kazi ya mdudu anayebungua mbao, naye mara nyingi hukaa kwenye sehemu nyeupe ya mti. Dai fremu yako ikatwe kwenye kiini. Oili chafu iache kwenye nguzo za uzio. Jikoni inanuka, inashika moto, na hakuna rangi itakayokaa juu yake tena.

Droo inawezekana kabisa. Kinachoshindikana ni kufunga reli moja kwa moja kwenye tofali, maana kuta hizo hazilingani. Pima upana wa ndani mbele, katikati na nyuma, chukua ule mdogo. Tuseme ni 480. Tengeneza boksi la mbao la upana wa 470 kwa nje, libaki na milimita 5 kila upande za kuchezea kabari. Kwa bodi ya 18, ndani linakuwa 434. Reli za kawaida za pembeni hula takriban milimita 13 kila upande, kwa hiyo droo yenyewe ikatwe 408 kwa nje. Hapa ndipo kazi huharibika: ikikatwa 410 inakwama, ikikatwa 404 gololi zinatoka kwenye njia. Kina kikiwa milimita 550, nunua reli za inchi 20.

Bawaba zinazokufa kwa chumvi

*Tuko karibu na bahari. Nabadilisha bawaba za makabati kila baada ya miaka miwili, zinashika kutu mpaka zinakatika. Muuzaji kila mara ananiapia ni "steni". — Msomaji, Nyali, Mombasa*

Nenda dukani na sumaku ndogo. Bawaba ya chuma cha kawaida kilichopakwa nikeli hunasa sumaku kwa nguvu mahali pote. Ile ya 304, daraja zuri la chuma cha pua (steni), hainasi au inanasa kwa unyonge, isipokuwa kwenye springi. Sumaku itakutenganishia chuma cha kawaida tu. Haitakutenganishia 304 na 201, ambayo nayo huitwa steni na pwani hutoka madoa mapema. Kwa hilo tafuta namba iliyogongwa kwenye mkono wa bawaba. Geuza pia utazame misumari ya viungo na skrubu za kurekebishia. Kuna bawaba zenye kikombe (ile sehemu ya duara inayozama mlangoni) kizuri na viungo vya chuma cha kawaida, na hizo ndizo zinazokatika.

Chunguza vilevile kilichohifadhiwa chini ya sinki. Dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini, kifuniko kikiwa hakikufungwa vizuri, hutoa mvuke unaokula chuma haraka kuliko bahari. Ukiona bawaba za kabati la sinki ndizo zinazotangulia kufa, umempata mwizi. Ihamishie nje.

Unapobadilisha, matundu ya zamani ya kikombe yatakufaa kama ni ya milimita 35, na karibu zote ndivyo zilivyo. Linalotofautiana ni mpindo wa mkono: mnyoofu kwa mlango unaofunika ubavu wote wa boksi, wenye mpindo mdogo kwa milango miwili inayogawana ubavu mmoja, wenye mpindo mkubwa kwa mlango unaoingia ndani. Chukua bawaba yako moja ya zamani uende nayo. Mlango wa hadi sentimeta 90 unatosha bawaba mbili, ukizidi hapo tatu.

Mpangaji asiyeruhusiwa kugusa

*Naishi nyumba ya kupanga Nairobi. Mwenye nyumba hataki rangi wala misumari, lakini makabati yamechakaa na milango imekaa upande. Nifanye nini na nisipoteze deposit? — Mpangaji, Kasarani*

Anza na bisibisi, haikuachii alama yoyote. Ndani ya kila mlango, kwenye mkono wa bawaba, kuna skrubu mbili. Ya mbele, iliyo karibu na mlango, inausukuma kulia au kushoto. Ya nyuma inausogeza ndani au nje. Zile mbili zilizoshika bati ubavuni mwa boksi ukizilegeza kidogo, mlango unapanda au kushuka. Zungusha nusu mzunguko, funga, tazama, rudia. Mlango ulioinama kona ya juu kuelekea mwenzake hunyooka kwa kucheza na bawaba moja tu, ya juu. Milango kumi ni kazi ya saa moja, na jikoni lote hubadilika sura.

Vishikio unaweza kubadilisha iwapo vipya vina umbali ule ule wa matundu. Pima katikati ya tundu hadi katikati ya tundu: vya sasa huwa 96, 128 au 160, vya zamani vingi ni inchi 3, yaani 76. Vile ulivyotoa vitie kwenye mfuko pamoja na skrubu zake, ndiyo deposit yako hiyo.

Stika za vinaili zinafaa kwenye melamini laini. Osha, futa kwa spiriti, kata kipande kilichozidi sentimeta 3 kila upande, anzia juu ukishuka na kadi ya plastiki iliyovikwa kitambaa. Pembeni lainisha kwa drai ya nywele. Milango miwili inayopakana na jiko iache, joto litaikunja. Jaribu kipande kimoja nyuma ya mlango kwanza, ukibandue baada ya wiki mbili. Kikitoka na ngozi ya melamini, sahau stika.

Mtungi ndani ya kabati

*Naweza kuficha mtungi wa gesi wa kilo 15 ndani ya kabati jipya? — Msomaji, Dodoma*

Bora ukae nje ya ukuta, ndani ya kizimba chenye matundu, na bomba lipenye. Ikibidi uwe ndani, gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja hulala chini. Kwa hiyo matundu ya hewa yawe chini kabisa ya mlango au ubavu, na mengine juu ili hewa izunguke. Ya juu peke yake hayasaidii. Kabati hilo lisiwe na soketi wala waya wa taa. Mpira usipite nyuma ya oveni, na usizidi mita moja na nusu. Acha nafasi ya mkono kufikia valvu bila kutoa kitu chochote kwanza, na jaribu viungo kwa povu la sabuni kila unapobadilisha mtungi.